Ziwa Ndani ya Chumba cha Kupimia Macho

Vijana wangu wa kliniki ya macho, mwalimu wenu aliponiomba niwaandikie, alisisitiza niseme mambo ya kuwatia moyo. Nimemsikia, ila sikumwahidi. Moyo mtautia wenyewe. Mimi nitawaandikia jinsi nilivyokosea, kwa sababu katika miaka yote niliyokaa kwenye kile kigoda, nikiwaambia watu "ziba jicho la kushoto, tazama mbele", hakuna kilichonifundisha kama kosa. Wapo wenzangu wanaosema mstaafu asianike makosa yake mbele ya watoto. Hao wasinisome. Mficha uchi hazai.

Juzi nilikuja kupimwa, maana na mimi macho yameanza kuingia ukungu. Kijana mmoja wenu akanipokea vizuri, "Shikamoo Bibi, weka kidevu hapa." Nikaweka. Mashine ikalia, ikatoa karatasi. Nikamwuliza, "Mwanangu, ukungu uko jicho lipi?" Akatazama karatasi. Nikamwambia aniangalie mimi usoni, akaniangalia kidogo kwa aibu, akarudi kwenye karatasi. Sikukasirika. Kweli, nilikasirika, lakini si sana.

Mashine siichukii. Sisi tungeipata enzi zile tungeibusu. Ninachowaambia ni kwamba mgonjwa hupimwa kuanzia mlangoni. Mtazame anavyoingia. Anatafuta kiti kwa mkono au kwa jicho? Anainamisha kichwa upande kama kuku anayesikiliza? Akikanyaga kizingiti bila kukiona, umekwisha kuandika nusu ya faili kabla hujamsalimia. Kina mama wanaoanika dagaa kule Kibirizi walikuja wakilia jicho moja, na wengi niliwajua kabla hawajasema: ni gamba la samaki au chembe ya mchanga, imejibanza chini ya kope la juu. Kope hulifunua kwa kulikunja juu ya njiti, taratibu, huku ukimwambia atazame chini, magotini kwake. Akitazama juu, utahangaika hadi adhuhuri. Hilo hakuna mashine inayolijua.

Halafu msimgombeze mtu aliyetia dawa ya majani kwenye jicho. Mimi niligombeza. Alikuwa mama wa Gungu, jicho limekuwa jeupe, nikamwuliza kwa ukali nani alimpa ruhusa. Akajifunga kanga yake akaondoka na hakurudi, na jicho lile najua lilikufa. Ukali wangu ndio uliolimaliza, si majani. Siku hizi najua kuuliza hivi: "Mama, nyumbani mlijaribu nini kabla ya kuja?" Hapo atakwambia hadi jina la mti.

Sasa nije kwenye lile nililotaka kuwaambia tangu mwanzo.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Wengine wenu hamjazaliwa. Watu walikuja kwa boti na kwa miguu kutoka Burundi, wengine kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Waliteremka Kagunga, wakaletwa mjini Kigoma, wakapokelewa kwenye vituo vya muda, kisha malori yakawapeleka kambini bara. Mji ulijaa. Kliniki yetu ilijaa hadi kwenye ngazi. Chumba chetu kikubwa cha kupimia kikachukuliwa kuwa stoo ya dawa za dharura, nasi tukahamishiwa chumba cha pembeni kilichokuwa na urefu wa mita tatu na ushee.

Mnajua kanuni: mgonjwa akae mita sita kutoka kwenye chati. Mita tatu hazitoshi. Basi tukafanya wanavyofanya wote wenye vyumba vifupi, tukatafuta kioo. Kinyozi mmoja aliyekuwa anafunga duka alitupa kioo chake kikubwa, kizuri, chenye ufa pembeni. Mgonjwa anaketi ameipa chati mgongo, mbele yake kuna kioo, anaisoma chati ndani ya kioo. Macho yanakwenda mita tatu hadi kwenye kioo na mita tatu kurudi kwenye chati, jumla sita.

Chati yenyewe ilikuwa ile ya herufi E peke yake, kubwa juu, zinapungua kila mstari, kila moja imegeuziwa upande wake. Ni ya watu wasiosoma. Mgonjwa anaonyesha tu miguu mitatu ya E inatazama wapi: juu, chini, upande huu au upande ule.

Mimi nilikuwa nimetoka chuoni mwaka uleule. Mtoto wa Ujiji, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa koti jeupe, na koti lile nililipiga pasi hadi mikunjo ikakata. Nilimkuta kazini Mzee Barnaba, mhudumu, Muha wa Manyovu, aliyeishia darasa la nne. Alikuwa amepima macho kwa miaka mingi kabla yangu bila cheti chochote. Namna yake ilinikera. Alikuwa anawaambia wagonjwa, "Nionyeshe, miguu inatazama ziwani au mlimani?" Na watu walijibu upesi. "Ziwani. Mlimani. Juu. Ziwani." Mtu wa Kigoma umfunge kitambaa usoni, umzungushe mara tatu, bado atakuonyesha ziwa liliko.

Nikamwambia, "Mzee, hii si njia ya kitaalamu. Kwenye fomu hakuna ziwa."

Akanijibu kwa upole, "Sista Zuhura, fomu inataka namba tu. Ziwa nalitumia mimi."

Nikaona ni ujinga wa kizamani. Nikajiandikia kadi ndogo yenye majibu ya chati nzima, mstari kwa mstari: kulia, kushoto, juu, chini. Nikaipachika mezani. Nilikuwa nakaa pembeni nimeinamia faili, mgonjwa anataja, mimi nalinganisha na kadi, natia vema kwa jibu sahihi au mkasi kwa kosa. Haraka, safi. Foleni ilikuwa ndefu, na mimi nilijiona mwerevu. Nilikuwa mpima macho ninayefanya kazi kwa masikio.

Kioo kilipachikwa Jumatatu. Siku hiyohiyo Mzee Barnaba akaondoka kwenda matangani kwao Manyovu. Kwa siku tatu nilibaki peke yangu na kioo na kadi.

Watu wengi walikosea kulia na kushoto siku zile. Nilijua sababu, au nilidhani najua. Nilisema, hawa shule hawakuona, mkono wa kula hawaujui. Nikaendelea kutia mikasi.

Jumatano akaletwa Bibi Sabina.

Alikuwa Mrundi wa pwani ya ziwa, mkulima wa michikichi, mrefu, mkavu, na mdomo wake haukuwa na breki. Wiki tatu kabla, daktari wetu alikuwa amemtoa mtoto wa jicho upande wa kulia na kumwekea lenzi. Jicho la kushoto lilibaki na wingu lake, zamu yake haijafika. Alikuja ameshikana mkono na mjukuu wake, Kevina, msichana wa miaka sita hivi. Mama wa Kevina alikuwa amefia njiani. Baba hawakujua yuko wapi.

Afisa wa usajili pale kituoni alikuwa ametuletea barua. Ilisema hivi, kwa ufupi: Ijumaa asubuhi malori yanaondoka. Mlezi asiyeona hawezi kukabidhiwa mtoto mdogo peke yake. Tupimieni huyu bibi. Kama anaona, aandikwe na mjukuu wake waende pamoja. Kama haoni, mtoto ataandikwa kwenye orodha ya watoto wasio na walezi, atapelekwa kambi nyingine, kwenye familia itakayompokea.

Barua hiyo niliisoma mwenyewe. Nilijua kilicho mezani.

Nikamkalisha mbele ya kioo. Alikuwapo mkalimani, bwana mmoja wa kituoni, mpole, mwenye haraka zake. Nikaonyesha herufi ya kwanza, ile kubwa ya juu. Bibi Sabina akaelekeza kidole chini. Sawa. Mstari wa pili, akasema neno moja kwa sauti, "Ikiyaga."

Ikiyaga ni ziwa. Hata mimi mtoto wa Ujiji nalijua.

Nikamwambia mkalimani, "Mwambie aseme kulia au kushoto. Ziwa limefuata nini humu chumbani?"

Mkalimani akamwambia. Bibi akanitazama kwenye kioo, akasema maneno marefu. Mkalimani akacheka kidogo, hakuyatafsiri. Kisha akaanza kuyageuza maneno ya bibi kama nilivyotaka. Bibi akisema ikiyaga, mkalimani, aliyesimama kando ya kiti na kutazama kioo kama yeye, anasema "kulia". Bibi akisema mlimani, mkalimani anasema "kushoto". Mimi nimeinama na kadi yangu. Kadi inasema kushoto, yeye anasema kulia. Mkasi. Kadi inasema kulia, yeye anasema kushoto. Mkasi. Juu, vema. Chini, vema. Mkasi, mkasi.

Nikaandika kwamba haoni zaidi ya ile herufi kubwa ya juu. Kwenye fomu mstari huo huitwa sita kwa sitini. Kwa mlezi, huko ni kutoona.

Nilimwangalia jicho kwa tochi pia. Lilikuwa safi, mboni ya duara, lenzi imekaa mahali pake. Jicho safi, na karatasi inasema halioni. Nikaiamini karatasi. Mwendawazimu gani huamini karatasi mbele ya jicho? Mimi.

Mfawidhi, yaani mkuu wa kliniki yetu, akaigonga mhuri karatasi hiyo. Mkalimani akaondoka nayo. Kevina aliaga kwa kupiga goti, kama watoto wao walivyofundishwa.

Alhamisi Mzee Barnaba akarudi. Alikuta mafaili ya siku tatu mezani, akaanza kuyapanga, maana alikuwa mtu wa kupanga. Akafika kwenye la Bibi Sabina, akalipitia mstari kwa mstari.

"Sista," akasema, "huyu mama juu na chini kapata zote, mpaka mstari wa chini kabisa ulipomfikisha."

"Alibahatisha," nikasema.

"Na kulia na kushoto kakosa zote. Hata moja hakupata."

"Ndiyo. Haoni."

Akavuta kigoda akaketi. "Sista, anayebahatisha hukosea ovyo. Mara anapata, mara anakosa. Huyu hakupata hata kwa bahati mbaya. Mtu wa kukosa zote namna hii lazima aione herufi kwanza."

Hilo neno vijana liandikeni kwenye mlango wa chumba chenu. Anayekosea ovyo haoni. Anayekosea kwa mpangilio anaona, na kosa liko kwa mpimaji.

Sikumwelewa hapohapo. Akaniambia niketi mimi kwenye kiti cha mgonjwa, nitazame kioo. Akachukua kadi yangu. Akaonyesha herufi ya mstari wa pili.

"Kulia," nikasema.

"Kadi inasema kushoto. Umefeli." Akaonyesha nyingine.

"Kushoto."

"Kadi inasema kulia. Umefeli tena, Sista."

Nikageuka nikaitazama chati yenyewe ukutani. Kisha nikakitazama kioo. Chati nilipoitazama uso kwa uso, miguu ya herufi ile ilikuwa upande wangu wa kushoto. Nilipoipa mgongo na kuitazama kwenye kioo, miguu ileile ilikuwa upande wangu wa kulia. Ukuta ni uleule, wa upande wa ziwa. Kushoto na kulia vilikuwa vimebadilishana kwa sababu mimi niligeuka. Ziwa halikugeuka. Mtu aliyesema "ziwani" alikuwa sahihi akitazama chati na alikuwa sahihi akitazama kioo. Kadi yangu ya kitaalamu ndiyo iliyokuwa kipofu.

Mzee Barnaba hakusema "nilikwambia". Alisema tu, "Malori ni kesho."

Nikaenda kwa Mfawidhi. Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hivyo. Alikuwa mtu mwoga, na watu waoga ni wengi kuliko wabaya, nao hufanya madhara yaleyale kwa sauti ya chini. Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

"Sista, karatasi ina mhuri. Imekwishafika. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayo si maji, Mfawidhi. Ni mtoto."

"Tukisema tumekosea huyu, tutaulizwa wengine wangapi. Kliniki hii inaletewa dawa kwa sababu inaaminika. Wewe bado uko kwenye muda wa majaribio. Unajua maana yake?"

"Najua."

"Rekebisha kadi yako kimyakimya. Kuanzia leo tunapima vizuri. Kituoni usiende. Hilo ni agizo."

Nikasema, "Nimekusikia." Sikusema nimekubali. Kiswahili ni lugha pana.

Nilirudi chumbani, nikaing'oa chati ukutani, nikaiviringisha ndani ya kanga. Mzee Barnaba alikuwa ameshatoa baiskeli yake nje, anapangusa kiti cha nyuma. Nikamwambia, "Mzee, wewe baki. Una watoto saba." Akanijibu kwamba agizo amepewa Sista, yeye hakuna aliyemwagiza kitu, na mhudumu asiyeagizwa ana ruhusa ya kwenda popote. Basi nikakaa nyuma na koti langu jeupe, chati mapajani, tukashika barabara ya Bangwe. Palipokuwa na kilima nilishuka tukasukuma wote. Watu waliuliza tunakwenda wapi, Mzee anawajibu, "Tunakwenda kupimwa."

Kituoni palikuwa na mahema na moshi wa kuni mbichi, na foleni za ndoo. Afisa wa usajili alikuwa dada wa makamo, mgeni wa mkoa, sauti imemkauka kwa kuita majina. Mezani kwake orodha zilikuwa mbili. Jina la Kevina lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye ile ya pili.

Nikamwambia, "Nimekuja kuirudisha nyuma karatasi yangu."

Akaitoa. "Hii? Ina mhuri wenu. Inasema haoni."

"Karatasi ni ya uongo. Mwongo ni mimi."

Akanikazia macho. "Mama, mimi nina watu elfu nzima hapa. Kila mtu ana jambo lake. Unaweza kuniandikia hayo unayoyasema?"

Kusema ni rahisi, maneno hupeperuka. Kuandika ni kujifunga kamba mwenyewe. Nikamfikiria mama yangu, aliyekuwa anawaonyesha majirani picha yangu ya chuo bila kuombwa. Nikachukua kalamu, nikaandika kwamba mimi, Zuhura, fundi wa macho, nilipima vibaya kwa kutumia kioo na kadi, kwamba kosa ni langu peke yangu, na kwamba naomba kupima upya mbele ya afisa mwenyewe. Nikatia saini. Afisa akaisoma mara mbili.

"Haya," akasema. "Nipimie hapa nione. Lakini ukinidanganya mara ya pili, nitakupeleka mwenyewe polisi."

"Haki yako," nikasema.

Tukaitundika chati kwenye ubavu wa lori, jua likiipiga vizuri. Mzee Barnaba alikuwa na kamba ya mita sita, aliifunga fundo kila mita miaka mingi nyuma, akaivuta kutoka kwenye chati hadi pale tulipoweka kiti. Hakukuwa na kioo. Bibi Sabina akaletwa, Kevina kamshika nguo. Watu wakakusanyika. Nikamziba bibi jicho la kushoto. Afisa akachukua kijiti yeye mwenyewe, akasimama kando ya chati.

Nikamwambia Mzee, "Mwambie aseme anavyotaka."

Mzee akamwambia kwa Kiha, na bibi akasikia kila neno, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Afisa akagusa mstari wa pili.

"Ikiyaga," akasema bibi, na mkono ukaelekea ziwani, na ziwa lenyewe lilikuwa lile pale chini, linang'aa. Afisa akaitazama herufi, akautazama mkono. Mstari wa tatu. Mlimani. Chini. Ziwani. Mstari wa nne, wa tano. Bibi alikuwa anajibu kabla kijiti hakijatulia. Kwenye mstari wa sita alikodoa, akapata nusu, akakosa nusu, ovyo, kama anavyokosea mtu aliyefika mwisho wa nguvu ya jicho lake. Sijawahi kufurahia makosa ya mtu kama nilivyoyafurahia yale.

Afisa akasema, "Ninyi mlimpima jana. Nitajuaje kama hajakariri?"

Swali zuri. Mtu mwingine angekasirika, lakini mimi niliwahi kuwapata madereva waliokariri chati nzima wakiwa kwenye foleni, na dawa yake naijua. Nikaenda kwenye lori, nikaitundua chati, nikaigeuza juu chini, nikaitundika tena. Kila kilichokuwa ziwani kikawa mlimani, na chini ikawa juu.

Bibi Sabina akaona nilichofanya. Akasema maneno yake marefu, na safari hii nilimwomba Mzee Barnaba atafsiri yote, asiache hata moja.

"Anasema," akasema Mzee, akisafisha koo, "mnamuuliza kila siku kama anaona. Anasema yeye amewaona tangu siku daktari alipomfungua jicho. Wewe, Sista, jana hukumtazama hata mara moja, uliitazama meza. Anasema akimaliza hapa, na wewe uketi kwenye kiti upimwe."

Watu wakacheka. Nilistahili. Nikamwambia, "Mwambie ni kweli, na anisamehe." Mzee akamwambia. Bibi akaelekeza uso kwenye chati kumwonyesha afisa kwamba yuko tayari.

Akasoma tena. Mistari mitano, juu chini, bila kukosa: sita kwa kumi na mbili.

Afisa akarudi mezani kwake. Akakata jina la Kevina kwa mstari mmoja kwenye orodha ya pili, akaliandika chini ya jina la bibi kwenye orodha ya kwanza, akalirudia kwa wino ili likolee. Bibi Sabina alisimama juu yake akitazama mkono ule unaandika, na sasa, nilipokuwa na akili ya kuangalia, nikaona jicho lake la kulia linaifuata kalamu.

Ijumaa asubuhi walipanda lori moja. Sikuwaona tena. Sijui maisha yaliwapeleka wapi, na sitawatungia mwisho mzuri. Najua tu kwamba lori lilikuwa moja.

Wale wengine wa siku tatu tuliwatafuta, Mzee Barnaba na mimi, mtaa kwa mtaa na faili mkononi. Wa mjini tuliwapata wengi, tukawapima tena. Wa malori waliokwisha kuondoka hatukuwapata. Hilo linaniuma hadi leo, na acha liniume. Kadi niliichana. Kioo tulibaki nacho, na kila mgonjwa aliulizwa ziwani au mlimani hadi nilipostaafu. Wapo wakaguzi walionicheka kwa hilo. Nikawaketisha mbele ya kioo na kuwataka waseme kulia au kushoto.

Juma lililofuata Mfawidhi aliniita ofisini. Alikuwa na barua ya onyo, imepigwa chapa vizuri. Ilisema kwamba nimekaidi agizo la mkuu wangu wa kazi, nimetoa siri ya ofisi kwa mtu wa nje, na nimeondoa chati ya kupimia macho bila kibali. Muda wangu wa majaribio ukaongezwa mwaka. Nikaisoma yote, na kila neno lake lilikuwa kweli.

"Una la kusema?" akaniuliza.

"Ninalo la kuandika."

"Hakuna nafasi hapo. Ni saini tu."

Nikaigeuza karatasi ile, nikaandika nyuma yake: Bibi Sabina, jicho la kulia, sita kwa kumi na mbili. Kisha nikaigeuza tena, nikatia saini.